Nilisema Nimefunga

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu najijua: nikianza na sababu, karatasi itakwisha kosa likiwa limeshakuwa la mtu mwingine. Kipaji hicho ninacho. Taifa lilinisomesha miaka mitatu nijifunze kulitazama jambo pande zote, na mimi elimu hiyo nimeitumia zaidi kujitetea nikiwa peke yangu.

Jina sitaandika. Watu wa Marui wakiisoma hii watanijua kabla hawajafika nusu, na wanijue. Ninyi wengine niiteni kama walivyoniita wao: Bwana Lishe.

Nilipomaliza chuo kikuu nilipangiwa wilaya ya Kisarawe, nikapelekwa Marui kufundisha mambo ya chakula na afya. Darasa langu lilikuwa la kina mama, mchana wakitoka shamba, ndani ya bohari ya kijiji, wamekaa juu ya magunia matupu ya korosho. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Dutumi, Kibaha, mtoto wa wakulima. Mhogo naujua, kisamvu nakijua. Lakini chuoni nilikuwa nimenenepa. Si sana. Au sana? Swali hilo peke yake liliweza kunimalizia asubuhi nzima. Nilikuwa na kitambi, basi. Shati lilikuwa likivutana kwenye kifungo cha nne.

Mnajua wenyewe kitambi kimekuwa na maana gani nchini mwetu. Babu zetu walikiita neema. Sisi tumekizoea kwenye mabango: mnyonyaji huchorwa na tumbo, mkulima huchorwa na mbavu.

Siku moja Katibu wa kijiji alileta bango kama hilo, akalipigilia misumari ukutani mwa bohari. Kupe mkubwa mwenye kichwa cha mtu, tumbo limemfutuka, mkanda umemkaa chini ya kitovu. Mzee Pazi, mlinzi wa bohari, alilitazama sana huku akitafuna korosho, kisha akasema, "Katibu, mbona mmemchora Bwana Lishe mkaisahau baiskeli yake?"

Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Kesho yake mzee yuleyule aliniletea madafu mawili, akaniamkia vizuri, akauliza habari za wazazi. Ulikuwa utani tu! Lakini utani ukishatolewa husahauliwa na watu wote isipokuwa mmoja, na mmoja huyo siku zote ni mimi.

Nililitazama bango lile kila siku nikifundisha. Nilihesabu ni nani ananitazama mimi na nani analitazama bango. Kisha tukaarifiwa kwamba baada ya siku arobaini wageni kutoka mkoani watakuja kusikiliza taarifa ya kijiji, nami nitasimama kusoma sehemu yangu. Nitasimama wapi? Bohari. Upande gani? Chini ya bango.

Nikaamua: siku arobaini, tumbo liondoke.

Sasa sikilizeni ujinga wangu ulivyokuwa, maana njia nzuri nilikuwa nayo ndani ya nyumba.

Nilikuwa nikikaa chumba cha uani kwa mjane mmoja, Bi Mwanamkasi, msusi wa majamvi. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye ugonjwa wa sukari. Hospitali walimpa vidonge na kumwambia mambo mawili: apunguze mwili, na asifunge, hata Ramadhani. Sheikh naye alimthibitishia kwamba mgonjwa ana ruhusa, alishe maskini badala yake. Alitii, lakini ilimuuma. Aliwahi kuniambia kwamba Ramadhani ikiingia anajiona mgeni ndani ya nyumba yake, anakula kwa kujificha kama mwizi wa mihogo.

Nilipofika, tuliandaa mpango, mimi na yeye. Kila mwezi jambo moja tu, na jambo likishashika ndipo tuguse lingine. Mwezi wa kwanza sukari ya chai: vijiko vitatu vikawa viwili, kisha kimoja, mpaka akasema chai yenye sukari inamnata midomo. Mwezi wa pili tui, akaanza kupikia la pili na kuliacha lile zito. Kisha bada, ugali wa muhogo: nusu ya sahani ikawa ya kunde na mchicha. Kisha akaacha kutuma watu shamba, akawa anakwenda kwa miguu yake. Hakulala na njaa hata siku moja.

Kipimo alikitengeneza mwenyewe. Alichukua ukili, ile mikanda ya ukindu anayoisuka kwa ajili ya jamvi, akajizungusha kiunoni, akakata. Kila mwezi ukiandama alijizungusha tena, na pale ncha ilipofikia akafunga fundo. Kati ya fundo na fundo palikuwa na upana wa ukucha. "Ukucha kwa ukucha," alikuwa akisema. Nilipomuuliza kama haoni inachelewa, alinicheka. "Nimenenepa miaka thelathini, mwanangu, unataka nikonde kwa Ijumaa tatu? Nitazunguka mjini kama nimeazima ngozi ya mtu."

Mafundo saba, miezi saba. Ganzi ya miguu ilikuwa imepungua. Hospitali walimsifu. Na mwalimu wake ni nani? Mimi! Mimi niliyekuwa nikiandika ubaoni kwamba tabia ya kula hujengwa kama nyumba, mti mmoja baada ya mwingine, niliona kuwa njia hiyo ni ya wagonjwa na wazee. Mimi nina siku arobaini.

Nikaanza. Asubuhi chai ya rangi, mchana hakuna, jioni bakuli la mchicha. Maji ya limau tumbo likinguruma.

Siku ya nne, saa saba mchana, Chausiku aliniletea sahani. Chausiku ni binti yake Bi Mwanamkasi, ameolewa mstari wa nyumba za nyuma yetu, na kila siku alikuja kumsaidia mama yake mapishi ya mchana. Ilikuwa bada na kisamvu cha karanga, mvuke unapanda. Nilisogeza sahani kwa mkono, nikasema, "Ahsante dada, nimefunga kidogo."

Naapa nilitaka kusema nimefunga mkanda. Mwaka ule redio ilikuwa ikituambia asubuhi na jioni tufunge mikanda, hali ya nchi ni ngumu, na neno hilo lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Kufunga mkanda, kupunguza. Lakini nilipofika kwenye mkanda nikakumbuka mkanda wa yule kupe, chini ya kitovu, nikaona haya, nikalimeza neno.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, siku ya funga ya suna.

Chausiku aliirudisha sahani kwa adabu, nikamsikia akimwambia mama yake kwamba Bwana Lishe amefunga. Nilikuwa na nafasi ya kusahihisha. Niliketi kitandani nikitunga sentensi. Ya kwanza ilikuwa fupi mno, ningeonekana mkavu. Ya pili ilitaja tumbo. Ya tatu ilikuwa nzuri, lakini nilipomaliza kuitengeneza jua lilikuwa limezama, na mbele yangu palikuwa na tende tatu, uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi, na Bi Mwanamkasi amekaa kando ananitazama kama mwanawe aliyerudi kutoka Makka.

Nilikula tende moja na uji nusu bakuli. Nikasema nimeshiba. Akasema watu wa funga ndivyo walivyo, matumbo yao hunywea.

Jumatatu nilifunga tena. Nasema nilifunga, lakini mnanielewa. Kisha Jumanne, Jumatano, mfululizo. Kijiji kikaamua kwamba nina nadhiri. Sheikh akawa ananisalimu yeye kwanza. Mzee Pazi alikuja siku moja kofia mkononi, akasema, "Baba, yale ya bango unisamehe, sikujua kama una mambo yako na Mungu." Aibu iliyoje! Na katika aibu hiyo, niseme kweli, palikuwa na utamu. Sijawahi kuheshimiwa vile kwa jambo lolote nililolifanya kwa haki.

Mwili lakini haudanganyiki. Wiki ya pili nilipata kizunguzungu juu ya baiskeli, nikaingia mtaroni. Nikaogopa. Badala ya kula, nikatafuta ujanja. Binamu yangu anauza dukani Maili Moja, akanipatia sukari kwa mlango wa nyuma, nikaja nayo Marui ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini kabisa ya begi. Mnakumbuka sukari ilivyokuwa siku zile. Duka la kijiji lilikaa mwezi bila hata chembe, watoto walikunywa uji wa chumvi. Mimi kila mchana nilifunga mlango, nikakoroga vijiko viwili kwenye maji ya limau, nikanywa nimesimama, nikasukutua mdomo, nikaenda kufundisha uji usio na sukari.

Tumbo likaondoka. Nilitoboa mkanda kwa msumari wa moto, tundu moja, la pili, la tatu, kwa mwezi mmoja.

Na mtu alikuwa akiyahesabu matundu yale.

Jioni moja Bi Mwanamkasi alikuwa anasuka mlangoni, ukili wake wa mafundo umening'inia kwenye nguzo. Aliutazama mkanda wangu, akautazama ukili. Akaniambia polepole, kama anayeuliza bei ya kitu asichotaka kuonekana anakitaka, "Mwanangu, mie miezi saba mafundo saba. Wewe mwezi mmoja matundu matatu."

Nikasema miili haifanani.

"Dawa unayo, unanibania."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea kusuka, kisha akauliza, bila kuinua macho, mtu wa vidonge akifunga inakuwaje.

Jibu nililijua! Niliwahi kuliandika mwenyewe ubaoni kwa herufi kubwa, nikawasomesha darasa zima: kidonge bila chakula ni hatari. Lakini kichwa changu, badala ya kusikia swali lake, kilisikia mtego. Nikisema kufunga ni hatari, ataniuliza mbona mimi nafunga mfululizo na ninapanda baiskeli. Nikimjibu hilo, ataniangalia machoni. Ataujua ukweli. Atamwambia Chausiku. Chausiku atawaambia wenzake. Nilifika mpaka kwa wageni wa mkoani, nikawaona wananicheka, yote hayo kwa muda wa yeye kuvuta jani moja la ukindu. Nikatafuta sentensi ya kufunga mazungumzo, nikaipata nzuri kabisa.

Nikasema, "Funga ni siri ya mtu na Mola wake, Bi Mwanamkasi."

Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ahsante, mwanangu." Sikumwelewa ananishukuru nini.

Tangu kesho yake akafunga. Kwa siri, kama nilivyomfundisha. Alimwambia Chausiku asije mchana, eti anakula hukohuko shamba. Kidonge alikimeza alfajiri na kipande cha muhogo, na jioni akafuturu pamoja nami akijidai ananisindikiza tu. Yote hayo tulikuja kuyajua baadaye. Lakini mimi niliona jiko la mchana halina moshi. Niliona siku ya pili, nikaona na ya tatu. Niliona mkono wake ukitetemeka akishika tende. Nikajiambia atakuwa amechoka. Mtu anayewaza kila kitu mara kumi, jambo lile moja nilikataa kuliwaza hata mara moja.

Siku ya tano ilikuwa Alhamisi. Darasani, baada ya adhuhuri, nilikuwa nikieleza faida za kunde. Bi Mwanamkasi akaanza kucheka peke yake. Wenzake wakadhani amekumbuka kichekesho, wakamtania. Alikuwa anatoka jasho, kanga imemganda shingoni. Akamwita Chausiku kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Kisha akainuka, akaenda mpaka kwenye bango, akalipapasa lile tumbo la kupe kwa kiganja, akasema, "Huyu ana njaa. Mpeni chakula."

Watu walicheka kidogo.

Magoti yakamwishia. Chausiku alimdaka, wakaenda chini pamoja, akampakata kichwa. Macho yalikuwa wazi lakini hayaoni mtu. Mama mmoja akasema pepo amepanda, mwingine akasema ndiyo, ni wa ukoo, aletwe fundi wa mapepo, uchomwe ubani. Mzee Pazi akaingia mbio.

Mimi nilijua. Pale pale nilijua kila kitu: swali lake, ahsante yake, jiko lisilo moshi. Nikasema, "Ni sukari imemshuka. Aletewe sukari." Nilisema kwa sauti ya ualimu, na nikaona nimeshafanya wajibu wangu.

Mtu akakimbia dukani. Duka liko mwisho wa kijiji. Chumba changu kilikuwa hatua kama mia kutoka pale nilipokuwa.

Nilisimama.

Ubani ukachomwa, moshi ukajaa bohari. Nilisimama. Wakamtia kipande cha papai mdomoni, hakutafuna, kikamtoka. Nilisimama. Aliyekwenda dukani akarudi mikono mitupu, akasema hakuna, tangu mwezi uliopita hakuna. Mwingine akatumwa bondeni akatafute muwa. Bondeni ni mbali. Nilisimama bado.

Mnataka kujua mtu anawaza nini wakati kama huo? Niliwaza huenda kweli ni pepo. Niliwaza huenda ni malaria. Niliwaza nikitoka na kopo, watauliza limetoka wapi, kwa nini limefichwa, na sasa ni Alhamisi na mimi nimefunga. Mlanguzi wa sukari. Mwongo wa funga. Kupe kweli, si wa bangoni. Niliwaza huenda muwa utawahi. Nilikuwa naliwaza jambo pande zote, kama nilivyosomeshwa, na mama wa watu anakufa.

Chausiku akaniangalia toka chini. "Kaka, wewe ndiye umesoma. Tufanyeje?"

Hapo ndipo miguu iliposogea. Nilikimbia, nikapindua begi, nikarudi na kopo. Tulimpaka sukari iliyoloweshwa ndani ya shavu, kidogo kidogo, Chausiku akimkanda koo. Ilichukua muda. Kisha akameza. Akameza tena. Akafumba macho, akayafumbua, akamwona binti yake.

Wakati watu wanamshukuru Mungu, Chausiku aliokota kijiko kilichokuwa ndani ya kopo langu. Kilikuwa na sukari imegandamana, na mpini una matone. Nilikuwa nimekitumia saa moja kabla.

"Kijiko kibichi," alisema. Basi. Hakuongeza neno, na hakuna aliyehitaji kuongezewa.

Bi Mwanamkasi alipelekwa hospitali ya wilaya juu ya lori la korosho. Alipona. Ndivyo wanavyosema, na mimi nasema hivyo nikiulizwa. Anatembea, anakula, anajisitiri. Lakini vidole vya mkono wa kushoto havikurudi sawa, jamvi limemshinda. Na majina yamemtoka. Tangu siku ile ananiita Salehe, jina la kaka yake marehemu. Daktari alieleza kwamba ubongo ukikosa sukari muda mrefu kuna vitu huzimika. Akauliza ilikuwa muda gani tangu aanguke mpaka apewe sukari. Kina mama wakamjibu kwamba Bwana Lishe alipokumbuka tu kwamba anayo, alikimbia.

Alipokumbuka! Waliona kijiko, waliujua uongo wangu wa funga, na bado waliniachia mlango wa heshima. Mzee Pazi alinishika bega akasema, "Mchana ulikuwa unakula, sawa, hiyo hesabu yako na Mungu. Lakini bora ulikuwa nayo." Watu waliniamkia kama kawaida. Walisema nimemwokoa. Nami nikanyamaza, nikala sifa ile kama nilivyozila zile za mwanzo.

Wageni wa mkoani walikuja. Nilisimama chini ya bango, shati linapwaya, nikasoma taarifa yangu. Hakuna aliyelitazama tumbo langu. Mmoja alisinzia. Na baada ya miezi mitatu tumbo lenyewe lilikuwa limerudi, limekuja na la ziada, kwa sababu mwili ulioshindishwa njaa hulipiza. Nilikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Matundu yangu matatu yapo hadi leo kwenye mkanda ule, hayafungi kitu.

Miaka miwili imepita. Nimehamishiwa ofisi za Kibaha, lakini kila mwezi ukiandama nakwenda Marui. Ukili wa Bi Mwanamkasi bado unaning'inia. Namzungusha, Chausiku anashika ncha, mimi nafunga fundo ambalo vidole vyake haviwezi tena. Amerudi kwenye mpango wetu wa zamani. Ajabu ni kwamba majina yamemtoka lakini sahani nusu kunde haijamtoka, wala chai yake kavu. Kilichojengwa polepole kilibaki pale palipozimika vingine. Nami nilikata ukili wangu nyumbani. Mwezi wa sukari, mwezi wa kula nikiwa nimekaa, mwezi wa kuacha maandazi ya ofisini, mwezi wa kwenda kwa miguu. Una mafundo kumi na manne. Kitambi kipo bado, kidogo, na nimekizoea.

Lakini ukimya ulikuwa ukinila. Mwezi uliopita, baada ya fundo, nilikaa chini mbele ya Bi Mwanamkasi nikamwambia yote. Mkanda niliotaka kusema, sukari, jibu langu la siri ya mtu na Mola wake. Na lile ambalo hakuna aliyelijua, kwamba sikusahau. Kwamba kopo nilikuwa nalikumbuka tangu alipoligusa bango, na nilisimama. Alinisikiliza kwa makini sana. Nilipomaliza alinipangusa uso kwa ncha ya kanga, akauliza, "Salehe, umeshakula?"

Chausiku alikuwa jikoni, mlango wazi. Akatoka na sahani mikononi, akaiweka mbele ya mama yake. Kisha akasema bila kunitazama, "Mie nilikuwa chini nimempakata mama. Nilikuwa naona miguu tu. Ya watu wote ilikuwa inakimbia. Yako haikusogea."

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo.

"Nilitaka useme wewe. Sasa umemwambia mtu ambaye kesho hakumbuki. Kawaambie wanaokumbuka."

Ndiyo sababu ya barua hii. Msamaha sijamwomba Chausiku, na yeye hakunipa. Alileta sahani ya pili akaiweka upande wangu, na maana yake bado naiwaza.

Ninyi mnaotaka kupungua kwa ajili ya harusi, ya wageni, ya maneno ya mtu mmoja: acheni siku arobaini. Chukueni ukucha kwa ukucha, kuleni mshibe, badilisheni kimoja mpaka kishike. Mkikonda ghafla kuna mtu kimya anawahesabu, mwenye mwili mgonjwa kuliko wenu, na atawafuata kule ambako ninyi wenyewe hamkwenda.

Na kama mmefunga mkanda, semeni mkanda. Limalizieni neno. Mimi nililimeza nusu, na nusu niliyoitamka ndiyo aliyoifunga Bi Mwanamkasi.